Ngoro za Nyuma ya Nyumba

Ukuta wa nyuma wa chumba cha chini, nyumbani kwetu Songea, ulikuwa ukitoka jasho kila msimu wa mvua, na sisi watoto tuliupenda kwa sababu hiyo. Tulikuwa tunashuka mimi na kaka yangu, tunachora kwa kidole kwenye chokaa iliyolowa: yeye magari, mimi magauni. Kesho yake michoro imefutika, ukuta umetoka jasho jipya, tunaanza tena. Mama akitukuta alitufukuza kwa kijiko cha mbao, maana tulikuwa tunapanda juu ya magunia yake ya maharage. Baba akitukuta alisimama mlangoni akauliza gari la leo linakwenda wapi. Kaka alijibu Mbinga, kila siku Mbinga, kwa sababu ndiko baba alikotoka na ndilo jibu lililomfurahisha.

Baba alikuja Songea kwa kazi ya ukarani akiwa kijana, na kiwanja alichopata kilikuwa mteremkoni, kile ambacho watu wa tambarare walikikataa. Yeye Mmatengo, mtu wa milimani, mteremko utamtisha nini? Akachimba ubavu wa kilima, akajenga chumba kimoja kikubwa ambacho ukuta wake wa nyuma umezikwa ardhini hadi usawa wa kichwa changu, na juu yake akaiweka nyumba yenyewe. Chumba cha chini kinafungukia uani, sawasawa na njia. Nyumba ya juu unaifikia kwa ngazi kumi na nne za saruji. Ngazi hizo nilizihesabu utotoni nikiwa na ndoo kichwani, na nawaambieni hazikuwahi kupungua.

Nyuma ya nyumba, kwenye mteremko unaopanda, baba na mama walilima ngoro. Asiyefika Umatengoni huenda hajaziona, kwa hiyo nieleze. Ngoro ni mashimo ya mraba yaliyopangwa ubavuni mwa kilima, na kati ya shimo na shimo kuna tuta ambalo ndilo linalopandwa mazao. Mvua ikipiga, maji hayakimbii na udongo. Yanatulia shimoni, yanazama polepole. Kazi yake hufanywa na watu wawili. Mwezi wa tatu, majani yakiwa marefu, mwanamume anayafyeka na kuyalaza chini kwa mistari, ya kushuka na ya kukata, mpaka shamba zima linakuwa miraba. Kisha mwanamke anakuja na jembe, anachimba katikati ya kila mraba na kuumwaga udongo juu ya majani. Majani yanaoza ndani ya tuta, maharage yanakula. Nilikuwa natazama baba akilaza majani kwa makini kuliko alivyotandika kitanda chake, na mama akimfuata nyuma, wala hawasemeshani, mpaka jua linafika juu ya milima ya Matogoro nao wamemaliza pande zao.

Baba alikuwa na msemo wake kuhusu maji. Alisema maji ni mgeni, usimfukuze, mpe pa kukaa. Aliusema hata siku zile mama akilalamika kwamba maharage yameota ukungu gunia zima. Sisi hatukuwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Usiniulize kwa nini, hata leo najiona mjinga.

Baba alifariki. Mama akabaki na ngoro zake. Mimi nimekuwa fundi cherehani sokoni tangu nilipoachika, na nilirudi kuishi naye. Kila mwezi wa tatu nilimfyekea majani kwa kulipualipua tu, naye akachimba, mpaka magoti yakamshinda. Daktari alimwambia ngazi basi. Hapo ndipo chumba cha chini kilipogeuka kutoka stoo kuwa chumba cha kulala, kwa kuwa ndicho pekee ambacho mama angeweza kuingia na kutoka kwa miguu yake mwenyewe, akatoka uani, akakaa jikoni, akachungulia nani anapita njiani.

Msimu wa kwanza wa mvua akiwa humo, kifua kilimbana. Alikohoa Januari, akakohoa Februari. Shuka zilikuwa na ubaridi, na ukungu ulipanda ukutani nyuma ya kitanda. Nikaita fundi wa kwanza aliyenijia kichwani. Akapiga plasta mpya kwa ndani na kupaka rangi ambayo alisema inazuia maji, akaondoka na sifa zote. Wiki mbili hazikuisha, rangi ikafura kama chapati, nikiigusa inapasuka na kunitemea maji mkononi. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tuliuziba na ukuta ukaendelea kulia.

Pasaka ile kaka alishuka kutoka Dar es Salaam na gari lake. Alimsikia mama akikohoa, akapapasa ukuta, akaniambia mbele ya mama kwamba amekuja kumchukua. Kwake kuna nyumba nzuri, sakafu moja, hospitali karibu. Nilimjua mama. Aliwahi kukaa kule mwezi mmoja, akarudi akisema ndani ya geti lile alikuwa kama mtu aliyekaa foleni ya daktari asiyemwita. Lakini safari hii hakubisha. Alikaa kitandani akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake, na mimi hilo la kunyamaza kwake liliniuma kuliko kikohozi. Nikamwambia kaka anipe mvua moja. Nikamwambia Pasaka ijayo akija, akaukuta ukuta umelowa, amchukue na mimi sitafungua mdomo. Kaka alicheka akasema mdomo wangu hauna kitasa, lakini akakubali. Mama akaitikia kwa kichwa. Basi tukawekeana ahadi hiyo, na kuanzia hapo nililala na kuamka na ule ukuta.

Kiangazi kikaingia, na baridi yake ya Juni. Nilipouliza mjini, muuza vifaa vya ujenzi mmoja alinishauri: nichimbe kishimo kwenye kona ya sakafu, maji yote yakusanyike humo, niweke pampu ndogo ya umeme inayojiwasha yenyewe na kuyasukuma nje. Nilipenda. Kitu cha kisasa, kina swichi. Kaka naye kwenye simu alikipenda, akataka kuituma pampu yenyewe kwa basi. Mama alisikiliza yote, akauliza jambo moja tu: umeme ukikatika je? Nikamjibu kwamba siku hizi haukatiki hovyo. Jioni ileile ukakatika, na wala mvua haikuwepo. Mama alinipa kibiriti.

Ndipo mteja wangu mmoja akaniletea mwashi wa makamo kutoka upande wa Hanga, aliyejifunza kazi kwa watawa wa kule. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwamkia mama shikamoo, akaketi, akanywa kahawa yake taratibu. Nikamwonyesha ukuta. Aliutazama kidogo, akauliza nyuma kuna nini. Akapanda, nami nikamfuata, akasimama ukingoni mwa ngoro akiwa na mikono kiunoni. Kisha akasema kwa upole kwamba maji hayatoki mbali. Mashimo haya yanakinywesha kilima, na kilima kinaupa ukuta. Safu ya mwisho ya ngoro iko hatua tatu tu kutoka nyumbani. Pampu ndani itakuwa inateka maji ambayo sisi wenyewe tunayamwaga huku nyuma.

Jamani, nilimfokea. Nilimwambia hizo ni ngoro za baba yangu, zimekuwepo kabla yeye hajashika mwiko, na kama kazi imemshinda aseme badala ya kusingizia marehemu. Nilimwambia Umatengo mzima umelimwa hivyo na hakuna aliyezama. Akaniacha nimalize. Akajibu kwamba ni kweli, ila Umatengoni hajaona mtu aliyezika chumba chini ya shamba la ngoro. Kule nyumba hukaa kwake na ngoro hukaa kwake. Akasema nisimwamini yeye, niyaulize maji. Sasa ni Agosti, kilima kimekauka, ukuta umekauka. Nizijaze ngoro za safu ile ya mwisho, kisha nisubiri siku mbili.

Nilizijaza mwenyewe. Ndoo kwa ndoo kutoka bombani, kwa hasira, nikitaka yule mwashi aaibike. Maji yalizama, nikajaza tena. Kesho yake mchana ukuta ulikuwa mkavu kabisa, nikapiga simu kumkejeli, akasema nimebakiza siku moja. Siku ya pili asubuhi nilikuwa uani nikipiga pasi suruali ya mteja nikasikia mama ananiita. Hakuita kwa haraka. Niliingia nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ananionyesha kwa kidevu. Kona ya chini ya ukuta, karibu na sakafu, palikuwa na doa jeusi upana wa ungo, na doa lile lilikuwa linang'aa.

Nilikaa chini sakafuni. Nililia, sifichi. Miezi yote ile nilimlaumu fundi, chokaa, saruji, kilima, kumbe ni ile mikono miwili ya baba niliyoipenda. Baba alikuwa ameleta ujuzi wa kwao wote, hakuacha hata kipande, akaulaza juu ya kitanda cha mke wake. Na dawa yake nilikuwa naijua kabla mwashi hajarudi kuisema. Alipokuja alieleza: achimbe mtaro nyuma ya ukuta mpaka chini ya usawa wa sakafu, alaze humo bomba lenye matundu, alizungushie kokoto na kitambaa cha kuzuia matope, bomba lizunguke ubavu wa nyumba na kutokea uani kwa chini, maji yatoke yenyewe bila umeme wa mtu. Lakini safu tatu za ngoro zilizo karibu na nyumba lazima zifukiwe. La sivyo mtaro utanyweshwa bila kupumzika, na mwisho utashindwa.

Nikamwambia mtaro sawa, bomba sawa, ngoro hapana. Achimbe mtaro wa kina zaidi, aweke mabomba mawili, afanye ajuavyo. Alinitazama, akamtazama mama. Mama alikuwa ameinamia bakuli la maharage akichambua, nikadhani hatusikilizi.

"Baba yako alilaza majani," mama alisema. "Udongo niliumwaga mimi, mwaka hadi mwaka. Ni udongo wangu, naurudisha."

Nilitaka kubisha. Nikamwambia zile ndizo zilizobaki za baba. Mama akaniambia kilichobaki cha baba ni yeye, na anakohoa. Halafu akaendelea kuchambua, akatupa punje moja mbovu uani, kuku wakaigombania.

Kazi ilianza Septemba. Kwanza walifukia. Walipovunja tuta la kwanza kwa jembe, niliona ndani yake tabaka nyeusi juu ya tabaka nyekundu, nyeusi tena, nyekundu tena. Nyeusi ndiyo majani. Kila mstari mweusi ni mwezi wa tatu mmoja, baba ameinama, panga mkononi, akilaza. Mistari ya juu juu ilikuwa myembamba na imepindapinda, hiyo ni yangu ya kulipualipua. Sikuwahi kuona aibu ya kazi yangu ya mikono kama siku ile, mimi ninayefumua mshono wa mteja ukienda upande uzi mmoja. Nilichukua bonge moja nikamshushia mama. Alilivunja kwa vidole, akanusa, akasema lingefaa sana kwenye likolo zake, mboga alizopanda kwenye makopo uani. Akalimwaga humo. Basi, hakukuwa na sherehe nyingine.

Mtaro ulikuwa wa kutisha, mtu akiingia unaona kofia tu. Mwashi alipima mwinamo kwa mpira mwembamba uliojaa maji, akishika ncha moja na mimi nyingine, na alinigombeza vizuri sana niliposogeza mkono. Alinionyesha jinsi ya kulaza bomba matundu yakiangalia chini, maana maji huingia yakipanda kutoka chini, jambo ambalo mimi ningelifanya kinyume. Upande wa nje wa ukuta waliukwangua, wakaupaka lami tabaka mbili. Kokoto zikamwagwa, zikafunikwa kwa kitambaa, na hapo angalau nilikuwa na la kusema, nikawaambia wapishanishe ncha za kitambaa kama pindo la shuka, wasiziguse tu. Mwashi akakubali. Tangu siku ile akaniita fundi.

Mvua za kwanza zilikuja Novemba na hazikuthibitisha lolote, ardhi ilikuwa na kiu. Desemba ikapiga siku tatu mfululizo. Mama akawa na kazi mpya: kila akiamka anaweka kiganja ukutani kabla ya kunyoosha miguu chini. Siku ya nne nilisikia sauti uani, nikadhani nimesahau bomba wazi. Ilikuwa ni ule mdomo wa bomba chini ya ua, unatiririsha maji safi, membamba, bila kelele za mashine. Nilikimbia ndani na kumweleza mama. Akasema ameyasikia tangu alfajiri, alikuwa ananisubiri niamke.

Januari hakukohoa. Februari hakukohoa. Machi mvua ilikuja na hasira zake zote, barabara ya chini ikawa mto, na ukuta ukakaa vilevile, umeparara kama mkate wa juzi. Nilirudisha magunia ya maharage kwenye kona yao ya zamani.

Kaka alifika Alhamisi Kuu, mvua ikinyesha. Nyuma ya gari alikuwa ameweka godoro dogo na mito, amemwandalia mama kiti cha nyuma kama cha mgonjwa, na nikaona kwamba hakuwa ameamini hata neno moja la simu zangu. Aliingia chumba cha chini na viatu vya mjini vikiwa na tope. Alimwamkia mama, akaenda moja kwa moja ukutani nyuma ya kitanda. Aliweka kiganja. Akakihamisha. Akachutama, akaweka pale kwenye kona. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea: akanyoosha kidole kimoja akachora gari. Boksi, magurudumu mawili. Kidole hakikuacha alama yoyote.

Tulitazamana. Nilipigana na ukuta ule mwaka mzima. Niliutaka ukauke na nilitaka, mara moja tu, lile gari lionekane.

Hata hivyo kaka si mtu wa kushindwa upesi. Ijumaa Kuu alizungumzia hospitali za Dar. Jumamosi alianza tena asubuhi kwenye chai: ukuta ni mkavu, sawa, lakini mama anazeeka, na godoro tayari liko garini. Ahadi ilikuwa ya ukuta, nikamkumbusha. Akasema ahadi ni ahadi lakini mama ni mama. Hapo nilifungua mdomo kumjibu kwa jibu ambalo lingetuharibia Pasaka, na mama akaweka kikombe chini.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alisema. "Wewe leo siku ya ngapi?"

Kaka alihesabu kwa vidole, mtu mzima vile. Mama akamwambia majani yako tele ukingoni mwa ua, panga liko nyuma ya mlango. Maji yanayotoka kwenye bomba yanapotea bure njiani. Hapa chini ya nyumba, ambapo hakuna ukuta wa kuyaogopa, anataka ngoro nne.

Kaka alivua viatu vya mjini. Alifyeka, akajikata kidogo kidoleni, akalaza majani mistari ya kushuka, kisha ya kukata. Miraba yake ilikuwa imekaa upande kiasi kwamba mimi mwenyewe nilinyamaza kwa huruma. Mama alitolewa kigoda, akaketi kando ya mraba wa kwanza, akautazama. Alisema baba yetu angeyazoa yote na kuanza upya. Halafu akasema acha. Nilichimba mimi katikati, na kila nilichochimba nilikisogeza karibu na miguu yake. Aliinama pale alipokaa, akachota udongo kwa mikono miwili, akaumwaga juu ya majani ya mwanawe. Akachota tena. Tuliendelea hivyo mpaka tuta la kwanza likafunikwa lote, na mvua ilikuwa imeanza kudondoka.

Kaka aliondoka Jumatatu ya Pasaka. Godoro lilishushwa, liko juu hadi leo, wageni hulilalia. Kwenye kiti cha nyuma, pale alipoandaliwa mama, tulipakia gunia la maharage makavu kutoka chumba cha chini, kaka akalifunga mkanda lisianguke kwenye kona.